Maswali ya Wasomaji: Kuiona Seli Moja Moja ya Retina Jicho Likiwa Hai

Barua nyingi za awamu hii zinahusu mashine mpya za kupiga picha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), zile zinazoonyesha seli bila kumgusa mtu. Tumechagua sita. Zile zinazouliza jambo ambalo watu hulikosea kila siku tumezijibu kwa urefu zaidi.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Kliniki yetu ina kamera ya retina na mashine ya OCT, ile inayochora retina kwa kina kwa kutumia mwanga. OCT inatuonyesha tabaka za retina moja baada ya nyingine, tena kwa uwazi mkubwa. Sasa nasikia kuna mashine zinazoonyesha seli moja moja mtu akiwa ameketi tu anatazama taa. OCT inapungukiwa na nini hasa? — *Mpima macho*

JIBU: Marahaba. Upande wa kina, OCT haipungukiwi na kitu. Uwezo wake wa kutenganisha tabaka unatokana na aina ya mwanga inaotumia, si ubora wa jicho linalopimwa, ndiyo maana hufikia maikromita 5 hivi hata kwenye jicho lenye kasoro zake. Upungufu uko ubavuni. Mwale wa OCT ya kliniki huingia jichoni ukiwa na upana wa milimita 1 au zaidi kidogo, na ukifika kwenye retina huacha nukta ya maikromita 15 hadi 20. Digrii 3 kutoka katikati ya retina, koni (seli zinazoona rangi na vitu vidogo) zimepangana kwa umbali wa takriban maikromita 7. Nukta moja ya OCT inafunika koni kadhaa kwa mpigo, na mashine haina namna ya kuzitenganisha.

Utasema basi tuupanue mwale. Kwa hesabu hiyo ni sawa kabisa: kwa mwanga wa nanomita 840, kwa mboni ya milimita 2 nukta haiwezi kuwa ndogo kuliko maikromita 8 au 9, na mboni ya milimita 7 inashuka hadi maikromita 2.4 hivi. Lakini jicho halikubali kirahisi. Hapa ndipo penye jambo linalotawala majibu yetu yote yanayofuata: kwenye kazi hii, lenzi ya mwisho ya hadubini ni jicho la mgonjwa mwenyewe. Huwezi kuing'oa ukaweka nyingine. Konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) na lenzi ya jicho zina mabonde na vilima vidogo mno, na kadiri mboni inavyopanuka ndivyo mwanga unavyopita kwenye mabonde mengi zaidi. Miwani huondoa kasoro mbili tu, ya ulengaji na ya astigmatizimu. Zilizobaki hubaki na kuivuruga picha.

Dawa yake iliazimwa kwa wanaastronomia. Mwaka 1953 Horace Babcock alipendekeza darubini ziwe na kifaa cha kusahihisha msukosuko wa hewa papo hapo. Mwaka 1994, mjini Heidelberg, Junzhong Liang na wenzake walionyesha jinsi ya kupima kasoro za jicho la mtu kwa kipimo cha aina hiyohiyo. Kisha mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, Liang, David Williams na Donald Miller waliunganisha kipimo na kioo kinachonyumbulika, wakapiga picha za koni moja moja. Teknolojia hiyo ndiyo tunayoiita optiki rekebishi.

Wala OCT haijatupwa. Ukiiunganisha na optiki rekebishi unapata ukali wa picha pande zote tatu. Mwaka 2017 kundi la Miller, likiwa Chuo Kikuu cha Indiana, lilionyesha kwa njia hiyo seli za ganglioni (zinazopeleka habari za jicho kwenye ubongo), ambazo karibu hazionekani kabisa kwa sababu mwanga hupita ndani yake kama kwenye maji. Ilibidi kupanga picha nyingi sana juu ya nyingine ndipo kingo za seli zikajitokeza.

SWALI: Nimesoma kwamba kuna kioo "kinachojipinda" kufuata kasoro za jicho. Kinajuaje kijipinde vipi, na kwa kiasi gani? — *Mwanafunzi wa fizikia*

JIBU: Kioo hakijui kitu, kinaamrishwa. Leza hafifu hulengwa kwenye retina na kuacha nukta ndogo. Mwanga wa nukta hiyo hurudi nje kupitia mboni nzima, ukiwa umebeba kasoro zote za lenzi na konea. Njiani unakutana na bamba lenye mamia ya lenzi ndogondogo, kila moja ikitupa nukta yake kwenye kamera. Jicho lingekuwa kamilifu, nukta zingekaa kwenye mistari iliyonyooka kama mahindi shambani. Kwenye jicho halisi kila nukta imesogea kidogo, na kusogea kwake kunaeleza mteremko wa uso wa wimbi mahali pale. Kompyuta hukusanya miteremko yote na kuipata sura ya kasoro.

Nyuma ya kioo kuna visukumio. Kile cha Rochester cha 1997 kilikuwa na 37, na siku hizi vyenye 97 au zaidi ni vya kawaida. Kila kisukumio husukuma au kuvuta uso wa kioo kwa maikromita chache. Kompyuta hutuma amri, hupima tena, hutuma tena, mara kadhaa kwa sekunde, kwa sababu kasoro za jicho hazitulii: machozi hukauka, lenzi hubadilisha ulengaji, mapigo ya moyo yenyewe yanatikisa. Lengo ni kasoro iliyobaki iwe chini ya sehemu moja ya 14 ya urefu wa wimbi. Kwa nanomita 840 hiyo ni maikromita 0.06.

Mambo mawili huwaponyoka wanaojenga mashine hizi kwa mara ya kwanza. Moja, kioo lazima kiwe mahali ambapo taswira ya mboni inaangukia. Kikikaa mbele au nyuma kidogo, au mtu akisogeza kichwa milimita 1, marekebisho ya kilima yanaangukia bondeni. La pili, usimpe kioo kazi ya miwani. Mtu anayehitaji miwani ya dayopta −5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) awekewe kwanza lenzi ya kawaida, la sivyo visukumio vitafika mwisho wa uwezo wao kwa kasoro kubwa na hakutabaki chochote cha kusahihisha zile ndogo, ambazo ndizo zilizotuleta.

SWALI: Nimeanza kuendesha mashine ya optiki rekebishi inayopiga picha kwa kutambaza nukta ya leza. Dakika tano za kwanza picha ni nzuri, kisha zinaanza kufifia, na nikiziunganisha koni zinatoka zimevutika kama zimeyeyuka. Fundi anasema mashine ni nzima. Nakosea wapi? — *Mwendeshaji mashine*

JIBU: Fundi huenda anasema kweli. Unaeleza matatizo mawili tofauti, na yote mawili yako kwenye jicho.

Kufifia kwanza. Tazama skrini ya nukta za kipimo, usitazame picha ya retina. Nukta zikianza kukosekana au kutawanyika kama wino uliomwagikiwa maji, hasa sehemu ya chini au katikati, ni machozi yamekauka. Utando wa machozi kwa watu wengi huanza kupasuka baada ya sekunde 10 hivi bila kupepesa, na anayejitahidi kukaa kimya kwa ajili yako ndiye anayesahau kupepesa. Dawa yake ni mdundo: mwambie "pepesa", subiri sekunde moja au mbili machozi yatandazike, rekodi sekunde 5 hadi 10, kisha mwambie apepese tena. Kila baada ya rekodi nane au kumi, afumbe macho apumzike dakika moja. Mwenye macho makavu apewe matone ya kulainisha yasiyo mazito. Yale ya jeli yanaharibu picha kuliko ukavu wenyewe.

Nukta zikikosekana juu tu, ni ukope au kope. Zikitokea nukta mbilimbili, moja kali mno, ni mng'ao wa konea: sogeza mwale wa leza ya kipimo kama milimita 1 pembeni mwa katikati ya mboni, mng'ao utaikosa kamera. Zikikosekana mahali palepale kwa kila rekodi, hata baada ya kupepesa, shuku mtoto wa jicho.

Na mboni je? Ipime kwenye kamera ya mboni mwanzoni na katikati ya kazi. Utaratibu wa kawaida wa kuipanua ni tone moja la tropikamidi ya asilimia 1, mara nyingi pamoja na tone la fenilefrini ya asilimia 2.5, kisha subira ya dakika 20. Wengi huanza kwenye dakika ya kumi kwa sababu mboni inaonekana kubwa. Tatizo ni kwamba misuli ya lenzi bado haijalegea, mtu analenga karibu na mbali bila kujijua, na wewe unafukuza ulengaji unaokimbia. Tunataka mboni ya milimita 6 au zaidi. Ikishuka chini ya hapo, ukali wa picha umepungua hata kama kioo kinafanya kazi bila dosari.

Ulengaji wenyewe ni mwembamba kuliko unavyodhani. Dayopta 1 ni takriban milimita 0.37 za kina ndani ya jicho. Kwa hiyo dayopta 0.1 inakuhamisha maikromita 37, na tayari umetoka kwenye koni. Pitia ulengaji kwa hatua za dayopta 0.05, rekodi kidogo kila hatua, uchague yenye utofauti mkubwa wa mwanga na giza. Ukifika kwenye tabaka la nyuzi za neva utaona michirizi, na ukifika kwenye koni utaona punje zinazong'aa kama mchele uliomwagwa kwenye kitambaa cheusi.

Sasa kuvutika. Jicho halitulii hata mtu akijitahidi namna gani. Huelea polepole, kisha huruka ghafla. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii, ni karibu maikromita 5 kwenye retina, upana wa koni mbili za katikati. Kwa kuwa mashine yako huchora kila fremu (picha moja ya rekodi) mstari kwa mstari, jicho likielea wakati fremu inachorwa, mistari ya chini inaonyesha mahali tofauti na ile ya juu. Programu hukata kila fremu vipande vyembamba vya mlalo na kutafuta kila kipande kinafanana na sehemu gani ya fremu moja ya rejea. Basi ukichagua fremu ya rejea ambayo jicho liliruka ndani yake, mvutiko huo unapandikizwa kwenye fremu zote nyingine, na picha ya mwisho inakuwa safi, kali, na potofu. Hilo ndilo linalokupata. Pitia rekodi kwa macho yako, chagua fremu ambayo majirani zake wa kabla na baada wanafanana nayo, kisha fanya muungano mara ya pili kwa rejea nyingine. Koni zikibadilika umbo kati ya miungano hiyo miwili, usizihesabu.

Fremu 50 nzuri zinatosha kwa kawaida. Zinapunguza kelele za picha takriban mara 7. Fremu 200 zenye mchanganyiko wa mbovu hazitakusaidia. Ukipiga eneo la digrii 1.5 kila mara, hamisha taa ya kutazama digrii 1 tu kila hatua, ili picha zipandane kwa nusu digrii. Mashimo kati ya picha hugunduliwa mgonjwa ameshaondoka.

SWALI: Nimeombwa kujitolea kwenye utafiti wa aina hii. Je, leza kuingia jichoni si hatari? Na hayo matone? — *Msomaji*

JIBU: Swali zuri, na una haki ya kuwauliza kabla ya kutia sahihi. Leza zinazotumika ni hafifu, nyingi za mwanga ulio jirani na usioonekana. Utaona mraba mwekundu uliofifia. Kuna viwango vya kimataifa vya usalama wa mwanga jichoni, kama ISO 15004-2, na mashine inatakiwa iendeshwe chini ya mipaka yake. Waulize mambo mawili: nguvu ya mwanga inapimwa kwa kipimo halisi pale jicho linapokaa, na lini ilipimwa mara ya mwisho, na mashine ina kifaa cha kukata leza iwapo kioo kinachotambaza kikisimama ghafla. Hilo la pili ni la msingi, maana mwanga ulio salama ukitembea hauwi salama ukisimama kwenye nukta moja.

Matone yatakufanya usione vizuri vya karibu na uumizwe na jua kwa saa 4 hadi 6, pengine zaidi. Usiendeshe gari siku hiyo, na beba miwani ya jua. Kabla ya tone la kwanza, mtu aangalie kama pembe ya mbele ya jicho lako ni nyembamba, kwa sababu kwenye jicho la namna hiyo kupanua mboni kunaweza kupandisha presha ya jicho ghafla. Mweleze pia kama una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Baadaye ukipata maumivu makali ya jicho, wekundu, kuona duara za rangi kwenye taa, au kutapika, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

SWALI: Mimi na mwenzangu tumehesabu koni za mtu yuleyule kwenye picha ileile. Yeye kapata 20,000 kwa milimita ya mraba, mimi 16,000 na kidogo. Nani kakosea? — *Mtafiti chipukizi*

JIBU: Pengine hakuna aliyekosea kuhesabu. Picha hupimwa kwa digrii, koni zinaripotiwa kwa milimita, na kinachobadilisha moja kuwa nyingine ni urefu wa jicho. Kanuni inayotumika sana ni hii: toa 1.82 kwenye urefu wa jicho kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.01306. Jibu ni milimita za retina kwa kila digrii. Jicho la milimita 24 linatoa 0.290. Jicho la milimita 26.5, la mtu asiyeona mbali, linatoa 0.322.

Tuseme mmehesabu koni 200 kwenye mraba ambao mwenzako ameuchukulia kuwa wa maikromita 100 kwa 100, akitumia jicho la wastani. Atapata 20,000. Kama jicho ni la milimita 26.5, mraba uleule una upande wa maikromita 111 hivi, na jibu linashuka hadi 16,150. Kosa la asilimia 11 kwenye urefu limegeuka tofauti ya asilimia 24 kwenye msongamano. Pimeni urefu wa jicho kila mara, na muuandike kwenye ripoti.

Andikeni pia mahali mlipohesabu na kuanzia wapi. Katikati kabisa msongamano hufika karibu 200,000 kwa wastani, lakini watu hutofautiana mno, na hushuka hadi nusu kabla ya kufika digrii 1. Kosa dogo la kuweka kitovu linaweza kumfanya mtu mwenye afya aonekane mgonjwa.

SWALI: Mwanangu wa miaka kumi na miwili ana ugonjwa wa retina wa kurithi. Haoni rangi na mwanga unamuumiza. Walimpiga picha hizi za seli, wakaniambia katikati ya retina kuna giza, koni hazionekani. Ina maana zimekufa zote? — *Mama mzazi*

JIBU: Pole sana mama. Giza kwenye picha hiyo halina maana moja, na ni muhimu ulijue hilo kabla ya kukata tamaa.

Koni huonekana kama nukta angavu kwa sababu hufanya kazi kama bomba: mwanga huingia, hugonga sehemu ya nje ya seli, kisha hurudishwa ulikotoka. Picha ya kawaida ya mashine hizi hunasa mwanga huo uliorudi moja kwa moja tu. Sehemu ya nje ya koni ikiwa imevurugika, au koni ikiwa imeinama, mwanga haurudi na pale panakuwa peusi, ingawa seli inaweza kuwa hai. Hata kwa watu wazima wa afya, koni ileile hung'aa leo na kufifia baada ya siku chache.

Tangu mwaka 2014 kuna njia nyingine inayotumia mwanga uliotawanyika pembeni badala ya ule uliorudi moja kwa moja. Inaonyesha sehemu ya ndani ya koni kama vilima vidogo vyenye kivuli upande mmoja. Kwenye ugonjwa wa kutoona rangi kabisa wa kuzaliwa, picha ya kwanza mara nyingi huwa na giza tele, lakini picha ya pili huonyesha koni zilizobaki, wakati mwingine nyingi. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu tiba ya jeni inahitaji seli iliyo hai ya kuipokea. Pasipo seli hakuna cha kutibu. Kwa hiyo hesabu ya koni zilizobaki ni habari ambayo daktari anaweza kuifanyia kazi.

Ukirudi, waulize kama walipiga picha za aina zote mbili, mahali palepale na siku ileile. Waulize OCT ilionyesha nini kwenye mstari wa makutano ya sehemu za koni: umekatika, umefifia, au haupo. Na kwa mtoto ambaye macho yake huchezacheza, kama ilivyo kwa wengi wenye ugonjwa huu, uliza ni fremu ngapi zilizotumika, maana picha iliyotoka kwenye fremu chache zilizovurugika inaweza kuonyesha giza lisilokuwepo. Omba nakala ya picha zenyewe, si ya maelezo tu, zikiwa na tarehe na mahali pa retina zilipopigwa. Mwaka ujao atakapopigwa tena, watazipandanisha na hizo na kutafuta koni zilezile, moja moja.